Friji Iliyovishwa Milaya

Hai Malakal, Juba
2 Februari 1976

Kaka Ezbon,

Pokea salamu kabla hujaanza kusahihisha Kiswahili changu. Najua miaka miwili ya karakana ya Mombasa imekufanya mwalimu wa kila mtu. Mimi changu nilikiokota ukimbizini, kambini Uganda, kwenye foleni ya unga, na hicho ndicho ninachokuandikia kama ulivyoniagiza, maana barua za Kibari, lugha yetu ya nyumbani, zinawapa askari wa mpakani homa, wanadhani tunapanga vita. Haya, bwana askari unayesoma, humu mna habari za friji tu. Ukimaliza, ifunge vizuri.

Sisi wazima. Mume wangu Ladu ameacha malori, sasa ni dereva wa timu ya chanjo. Amekabidhiwa Landrova, na nyuma ya Landrova kuna friji ndogo ya kubebwa na watu wawili, inayokula umeme wa betri ya gari injini inapowaka. Humo ndimo dawa ya surua inamokaa. Ladu anasema dawa hiyo ikipata joto inakufa, na ikifa haikwambii. Rangi ni ile ile. Unamchoma mtoto, analia, mama yake anashukuru, kumbe umemtia maji.

Na joto la Juba mwezi huu unalijua, au huko Kampala umeshalisahau? Saa sita mchana bati la lile gari linakaanga yai. Friji inahangaika, betri inachoka, na Ladu anarudi jioni akilalamika kana kwamba yeye ndiye aliyechemka. Basi nimewaza, mimi si mshonaji? Niishonee koti. Nguo mbili, pamba katikati, iivae pande zote. Wewe ndiye fundi wa friji katika ukoo huu. Je, itasaidia, au nitakuwa nimepoteza uzi? Nijibu kama fundi, usinijibu kama kaka.

Mkeo Suzan ametuma salamu kutoka kwa baba yake, kule Lainya. Binti yako Tisa ametimiza miaka minne na anaongea kushinda redio. Timu ya Ladu itapita kwao mwezi wa tatu, na mtoto atachomwa sindano yake, nitahakikisha mwenyewe. Na wewe rudi nyumbani, kaka. Amani ina miaka minne sasa, watu wote wamerudi. Umebaki wewe na mafriji ya watu.

Dada yako,
Keji


Kampala
11 Februari 1976

Dada mdogo mwenye mdomo mkubwa,

Nimecheka mpaka bosi wangu akaja kuangalia. Wazo lako ni zuri, nalisema kama fundi. Blanketi halijui kama limefunika mtu au barafu. Kazi yake ni kuzuia joto lisipite, basi. Ukiifunika friji juu na ubavuni, joto la gari halitaingia haraka, na betri itapumua. Kule Mombasa tulikuwa tunawafanyia hivyo watu wa samaki.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani na kulitupa nje, na inalitupia mgongoni. Mwambie Ladu aguse nyuma yake wakati inafanya kazi, kwenye yale mabomba meusi. Atatoa mkono mwenyewe bila kuambiwa. Hapo ndipo pua yake ilipo. Kwa hiyo mgongoni uache tundu, kubwa kama sinia ya chai. Ukiziba pua, joto litarudi ndani, na friji itajipika yenyewe.

Habari ya Tisa imenikaa moyoni. Hujasahau kambini, mtoto wetu wa kwanza alipokufa kwa surua. Wewe ndiye uliyempokea mikononi mwa Suzan, kwa sababu mimi nilishindwa. Tisa ndiye niliyebakiwa naye. Nikimaliza mkataba huu mwezi wa nane nakuja, na nataka kumkuta.

Usimruhusu Ladu apite Lainya bila kumchoma. Akijificha chini ya kitanda, amtoe kwa miguu.

Kaka yako,
Ezbon


Hai Malakal, Juba
20 Februari 1976

Kaka Ezbon,

Usicheke. Nimetumia milaya ya Mama.

Ndiyo, ile ile, shuka ya kitanda aliyonitarizia kambini kwa ajili ya harusi yangu, yenye korongo aliyetanua mabawa. Niliitandika siku moja tu, nikaikunja, ikakaa sandukuni miaka mitano ikingojea nondo. Nilipima kitambaa kingine, nikaona aibu. Wewe umekaa ugenini mno. Hapa kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina milaya yake, sanduku la nguo lina yake, kiti cha mgeni kina yake. Sasa chombo kinachobeba uhai wa watoto nikivishe gunia?

Nimeishona juu ya pamba nene, nimekwenda nayo mishono midogo midogo, vidole vyote vimetoboka. Wanawake wa kanisani walikuja kuiona, mama Lino akapiga vigelegele hapo hapo uani. Daktari mgeni wa timu ameishika akasema kitu kwa Kiingereza, Ladu akanitafsiria kwamba ni nzuri sana. Sijawahi kusifiwa hivyo tangu turudi, kaka. Tangu turudi mimi ni yule mwanamke wa Uganda asiyejua Kiarabu.

Kuhusu pua yako. Jumamosi tulijaribu, ili usiseme sijasoma. Ladu aliegesha Landrova uani, juani, friji ikiwa imeshapoa, na themometa ndani. Bila kava, asubuhi digrii tano, saa tisa alasiri digrii kumi na nane. Jumapili tukarudia, safari hii imevaa kava pande zote, mgongo umezibwa kabisa, vifungo vimefungwa. Saa tisa alasiri, digrii tisa! Ladu alirudia kusoma mara mbili. Sasa bwana fundi, pua imezibwa na mgonjwa amepona. Unasemaje?

Tena hilo tundu lako likikatwa linaangukia kifuani pa korongo. Kitu cha heshima kikiachwa mgongo wazi, watu watauliza kama kitambaa kiliniishia.

Dada yako,
Keji


Kampala
1 Machi 1976

Keji,

Swali moja tu. Mlipojaribu, injini ilikuwa inanguruma?

Haikuwa. Najua haikuwa, maana hakuna anayeacha Landrova ya kazi inanguruma uani kutwa nzima akichoma petroli. Basi friji ilikuwa imezimika. Haikuwa inafanya kazi, kwa hiyo haikuwa na joto la kutupa. Mlichopima ni blanketi, friji hamkuipima. Na blanketi ni zuri, hongera, lakini nilishakwambia hilo.

Barabarani ni habari nyingine. Injini ikiwaka, friji inaanza kazi, inatupa joto mgongoni, joto linakuta pamba yako nene, linakosa pa kwenda, linarudi. Kadiri inavyojitahidi ndivyo inavyozidi kuchemka. Umeishonea jeneza, dada, na umelishona vizuri.

Kata. Chukua mkasi ukate. Ukimwonea huruma huyo ndege, basi toa kipande chote cha nyuma, weka gunia lenye tundu, nani atatazama mgongo wa friji ndani ya gari? Mama unayemlilia ndiye aliyekata gauni lake la kanisani akatushonea kaptula za shule. Angekuwepo, angeshakata na kumaliza na sasa anapika.

Na mwambie Ladu maneno haya. Msomee barua hii yote, usimchagulie mistari.

Ezbon


Hai Malakal, Juba
9 Machi 1976

Kaka Ezbon,

Nimekata. Umeridhika? Nimekata mraba wa sinia ya chai, pale pale kifuani, nikazungushia kitambaa cheusi ukingoni ili usifumuke. Nimelia kidogo, si sana. Ladu nimemsomea.

Timu inaondoka kesho kwa barabara ya Yei. Lainya watafika siku ya tatu au ya nne. Nimempa Ladu gauni dogo la Tisa, la njano, lina mifuko miwili kwa sababu anapenda kuokota vitu.

Usiniandikie tena kwa hasira. Barua inachukua siku nyingi kufika na hasira yako inafika bado moto.

Keji


Lainya
14 Machi 1976

Kwa shemeji Ezbon,

Mimi Ladu. Mimi ni mtu wa usukani, kalamu si kazi yangu, utanisamehe. Dereva wa lori la kahawa anakwenda Koboko, huko Uganda, sasa hivi, nikasema acha nikutumie mistari.

Kazi imekwisha kwais, vizuri kabisa. Tisa amechomwa jana kwa mkono wangu huu nikimshika, na amening'ata, alama iko mpaka leo. Huyu mtoto ni askari. Halafu amevaa gauni la shangazi yake, akaweka mawe mifuko yote miwili, akanifuata mpaka kwa gari kunionyesha. Suzan ako mzima, anakusalimia, anauliza mwezi wa nane ni kweli au ni maneno.

Shemeji, ile kava ni ajabu. Keji ameniambia wewe mwenyewe umeisifu, umesema ndiyo inatakiwa. Kila tunaposimama watu wanajaa. Sultani mmoja, chifu wa huku, alitaka kuinunua! Daktari amepiga picha, friji imevaa milaya ya mama mkwe, na yule ndege mzima kabisa, mbele nyuma, hana hata jeraha. Ningekuwa na picha ningekutumia.

Ubaya mmoja tu, themometa ilivunjika siku ya pili kwa daraja baya. Nilikuwa nasikia kwa mkono. Ndani ilikuwa vuguvugu kidogo, lakini huku kila kitu ni vuguvugu, hata maji ya kisima. Sikuogopa. Nilikumbuka Keji alipima uani, digrii tisa.

Tumechoma watoto mia mbili na zaidi. Furahi, shemeji.

Ladu


Kampala
2 Aprili 1976

Keji,

Barua ya Ladu imenifikia jana. Ndege hana hata jeraha.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta njia ya kuielewa vingine, nimekosa. Hukukata. Hukumsomea. Uliniandikia mpaka rangi ya kitambaa cha ukingoni, Keji! Ulikaa chini ukatunga rangi.

Sitakugombeza sasa, nitakugombeza mwezi wa nane, nitakuwa na muda. Sasa hivi fanya jambo moja. Nenda kwa daktari, au mtume Ladu, mwambie dawa ya safari ile iliiva njiani. Wale watoto hawakuchanjwa, wamechomwa maji. Warudi wakawachome tena, wote, na waanze na Lainya. Dawa nyingine ipo, gari lipo. Ni safari ya siku chache tu. Ladu asilaumiwe, nitaandika kwa mkono wangu kwamba hakuambiwa. Wewe utaaibika. Aibika, dada yangu. Mimi nimeaibika mara ngapi kambini nikiomba chumvi kwa watu, na bado ninaishi.

Suzan anadhani mtoto yuko salama. Surua ikija hatamficha, atamwacha acheze na wenzake. Hilo ndilo linaloninyima raha. Bila sindano kabisa, angalau angeogopa.

Nakusihi. Dereva wa kumpelekea Suzan barua Lainya sijampata, nimebaki na wewe tu. Barua hii nimempa dereva ninayemjua, ameapa itakufikia ndani ya wiki.

Ezbon


Hai Malakal, Juba
30 Aprili 1976

Kaka Ezbon,

Suzan atakuwa ameshakuandikia. Kama barua yangu ndiyo imetangulia, basi kaa chini kwanza.

Tisa amefariki tarehe ishirini na mbili, Alhamisi baada ya Pasaka. Surua iliingia Lainya na watu waliokuja mapema kwa sikukuu. Alianza na macho mekundu. Suzan alisema haiwezi kuwa surua, huyu amechanjwa, akampa dawa ya mafua. Siku tatu alimpa dawa ya mafua. Kifua kilipobana ndipo walipombeba, na barabara ilikuwa imenyeshewa, lori lilikwama. Watoto tisa wamezikwa pale, wote walikuwa wamechomwa.

Barua yako ilinifikia tarehe nane. Sitaki kusema uongo tena, hata wa siku. Tarehe nane, mikononi mwangu, dereva wako ni mwaminifu. Nilivaa, nikaenda mpaka mlango wa ofisi ya timu. Kulikuwa na picha ukutani. Ile ya friji. Wameibandika hapo, na chini yake wameandika jina langu kwa mashine. Daktari aliniona akatoka kunisalimia, akaniita kwa jina, akamwita mgeni mwenzake aje amwone aliyeshona. Nikasema nimepita kusalimia tu. Nikarudi nyumbani nikajiambia, baada ya Pasaka. Pasaka si mbali, nikasema. Hata surua haikuwa imesikika popote siku ile, kaka, naapa.

Kwa nini sikukata? Nimejiuliza mpaka nimechoka kujiuliza. Nilishika mkasi. Niliuweka juu ya kifua cha yule korongo, uzi wa Mama bado unang'aa, na nikaona hakuna kitu kingine kilichobaki cha mikono yake, na hakuna kitu kingine mjini humu kinachoninyanyua kichwa. Nikasema fundi anajiona, yuko mbali, hajaona digrii tisa. Nilitaka niwe nimepatia mimi. Basi. Ni hilo tu, ni dogo hivyo.

Nilikwenda kwa mazishi. Ladu alinipeleka, na friji ilikuwa ndani ya gari, imevaa. Pale nyumbani hapakuwa na shuka ya kumfunga mtoto isipokuwa moja iliyochanika. Unajua kwetu mtu hapelekwi chini kwa kitambaa kibovu. Nikatoka, nikaivua friji, nikakaa chini nikafumua mishono yangu yote. Pamba nikaitupa. Tumemfunga kwa milaya ya Mama, imemtosha, korongo amemkaa kifuani mzima. Suzan alinibusu mikono, kaka. Alinishukuru. Mawe yake nimeyaacha ndani ya mifuko.

Ladu hajui. Analia anasema ni bahati mbaya, ni dawa mbovu kutoka ng'ambo. Sijamwambia. Nimejaribu kila asubuhi.

Sikuombi kitu.

Keji


Kampala
12 Mei 1976

Keji,

Barua hii inakuja na nyingine, na hiyo nyingine ni ya Ladu. Nimemweleza yote, kuanzia swali lako la kwanza. Nimemwambia aende nayo kwa daktari bila kupitia nyumbani. Watoto mia mbili walichomwa safari ile na wengi wako hai bado, nao wana wazazi. Utakaposoma haya atakuwa ameshakwenda.

Mwezi wa nane sitakuja. Suzan nimemtumia nauli ya kuja huku. Mwambie yule askari wa mpakani asihangaike tena kufungua, hakutakuwa na barua kati yako na mimi.

Mwezi wa pili uliniuliza kama kava inasaidia, ukasema nikujibu kama fundi nisikujibu kama kaka. Nakujibu kama fundi, maana ukaka umenishinda. Inasaidia. Ile yako, pamba ile na mishono ile, ingeifanya friji kuwa bora kuliko zote nilizowahi kuzishika. Ilikosa tundu moja tu.

Unasema milaya ilimtosha, na korongo alimkaa kifuani mzima. Ungemkata, Tisa asingeihitaji.

Ezbon